Ndugu wa Kuarifiwa

Kwi, kwi, kwi.

Lilikuwa gurudumu la mbele la machela, lile lililokosa mafuta kwa kuwa machela yenyewe haikuwa na kazi. Muuguzi kijana alilisikia likija ukumbini akiwa ameinama mbele ya friji ya chanjo, na mkono wake ukasita juu ya vichupa. Katika kliniki ile watu waliingia kwa miguu yao. Ilikuwa kliniki ya wafanyakazi wa mashirika ya misaada waliotoka nje ya nchi, watu waliokuja kuchimba visima, kugawa unga na kujenga madarasa ya mahema, na maradhi yao mengi yalikuwa ya mtu aliye mbali na kwao: tumbo la kuendesha, harara, jino, usingizi uliogoma. Kulikuwa pia na ule ugonjwa ambao Bibi Chanjo, muuguzi mkongwe wa chumba cha sindano, aliuita homa ya kwetu, na dawa yake alisema ni simu ndefu na maziwa ya moto.

"Leo kuna aliyebebwa," alisema Bibi Chanjo bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Tangulia, Pilipili. Miguu yangu bado inashauriana."

Jina la Pilipili alipewa na wagonjwa, na halikutokana na sindano zake bali na ulimi wake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwembamba, shingo imesimama kama ya mtu anayechungulia juu ya ukuta, na neno likimkaa vibaya hakulimeza. Alifunga friji, akatoka, na kabla hajaona uso aliona viatu. Vilikuwa viatu vizito vya kazi vilivyokaukiwa na tope la kijivu, tope la chini kabisa ya ardhi. Kimoja kilikuwa na kamba nyeusi, kingine kamba ya njano. Kamba ya njano aliinunua yeye.

Mhandisi wa visima, binti aliyetoka nchi jirani, alikuwa amelala chali, midomo imepasuka, nywele zimeshikana kwa jasho. Macho yake yalipompata yalitulia, kama mtu aliyeona mlango wa nyumba yao.

"Usinikunjie uso," alisema. Sauti ilikuwa imekauka, ila utani wake ulikuwamo. "Malaria tu hii. Nimepita kukusalimia."

"Unasalimia watu umelala?"

"Nimechoka kusimama."

Alimshika kifundo cha mkono ahesabu mapigo, akapoteza hesabu, akaanza upya, akaipoteza tena. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Dereva aliyemleta alieleza kwamba alikuwa na homa kwa siku nne kule kambini, akimeza vidonge vya mfukoni, na kila alipoambiwa arudi mjini alijibu kwamba mtambo umebakiza mita kumi kufika kwenye maji.

"Na maji yametoka?" Pilipili aliuliza, maana hakujua aulize nini kingine.

"Yametoka." Mhandisi alianza kutabasamu, na tabasamu likaishia njiani.

Mchana ule ulipita kwa vipimo. Walimtundikia dripu, wakamchoma dawa ya malaria kali, wakaweka mpira wa mkojo. Kilichotiririka kwenye mfuko kilikuwa kidogo mno, kijiko hiki na kijiko kile, na rangi yake ilikuwa ya chai iliyochemka ikasahauliwa jikoni. Daktari, mama wa makamo aliyevaa miwani kwenye paji la uso na kuisaka kila saa, aliinama akautazama mfuko ule kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo Pilipili alikuwa ameshayasema moyoni: malaria imeshika figo, na pale kwao hapakuwa na mashine ya kusafisha damu. Mashine ilikuwapo katika hospitali kubwa ya nchini kwao huyu binti, mwendo wa saa mbili kwa ndege. Ndege ndogo ya wagonjwa ingefika saa kumi na moja jioni. Lazima iondoke kabla jua halijazama, kwa sababu uwanja wao ulikuwa wa vumbi na haukuwa na taa hata moja.

Ndege ile ilikuja na marubani wawili na kitanda kimoja. Kando ya kitanda palikuwa na kiti kimoja tu, na kiti hicho kilikuwa cha muuguzi wa kliniki mwenye zamu ya safari. Ratiba ilibandikwa ukutani, na wiki ile zamu ilikuwa ya Pilipili.

Aliona aibu kwa furaha aliyoipata, furaha ya mwizi. Alipakia mkoba wa safari, oksijeni, sindano, chupa za maji ya dripu, akiwa na pupa kama mtu anayekwenda harusini. Alipomwambia Mhandisi, binti yule alifumbua jicho moja.

"Kwa hiyo ilibidi nife kidogo ndipo tusafiri pamoja."

"Nyamaza. Unatumia pumzi yako vibaya."

"Utamwona kaka. Vaa shati la maana."

Aliinama akamfuta paji la uso. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Mhandisi aliugeuza uso wake taratibu, akauacha utulie ndani ya kiganja chake, ukiwa wa moto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Wakabaki hivyo kwa muda ambao haukuandikwa kwenye chati yoyote.

Ndipo Daktari akamwita ofisini.

Faili la Mhandisi lilikuwa wazi mezani. Daktari alikuwa akijaza hati za safari, na alikuwa amefika kwenye ukurasa wa mwisho, ule wenye kisanduku kilichoandikwa: ndugu wa kuarifiwa. Alikigeuza kikamwelekea kijana.

"Hebu nisomee hapa," alisema. "Labda miwani yangu inanidanganya."

Haikumdanganya. Jina la kaka mtu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa mwandiko ule wa kulala aliokuwa akiujua kama sauti, liliandikwa jina la Pilipili. Chini yake, uhusiano: mchumba. Na chini ya yote ulikaa muhuri wa kliniki, na sahihi ya aliyepokea fomu. Sahihi yake mwenyewe.

Alikumbuka siku ile. Ilikuwa siku ya vipimo vya nusu mwaka, ambavyo kila mfanyakazi wa misaada lazima avipite ili aruhusiwe kuendelea na kazi. Mhandisi alikaa kwenye benchi akining'iniza miguu, akakata jina moja, akaandika jingine, akamsukumia karatasi. "Haya, piga muhuri kabla sijapata akili," alimwambia. Na yeye, ambaye kila mfanyakazi mpya alimsomea kanuni kwamba mtumishi wa kliniki hashiki faili la ndugu yake, alipiga muhuri. Alipaswa siku ileile kumkabidhi muuguzi mwingine faili hilo. Hakulikabidhi, kwa sababu alitaka mkono utakaopima mapigo yale uwe wake. Wala hakumwambia mtu. Alitembea na jambo hilo kifuani miezi mitano, akijiona mfalme.

"Ulijua?" Daktari aliuliza.

"Nilijua."

"Basi vua koti, mwanangu. Hutaweza kwenda naye kama muuguzi. Likitokea jambo huko angani, nitaulizwa kwa nini nilimpa mchumba wake sindano."

Pilipili alivua koti jeupe palepale, akalikunja, akaliweka mezani. Alisema ni sawa, hata vizuri zaidi, atakwenda kama ndugu. Daktari alitafuta miwani, akaipata pajini, akamsomea kipengele kingine. Ndugu anayeruhusiwa kupanda ni mzazi, mume au mke, mtoto, au wa tumbo moja. Mchumba angeweza kukubaliwa ikiwa familia itathibitisha kwa kinywa chake yenyewe.

"Wazazi wake walishakufa," Pilipili alisema taratibu. "Aliyebaki ni kaka yake."

"Nambari yake bado inasomeka chini ya huu mstari," Daktari alisema, akavuta simu.

Kaka mtu alikuwa seremala. Alimlea dada yake tangu akiwa na miaka tisa, akamsomesha kwa randa na msumeno mpaka akawa mhandisi. Miezi sita nyuma Pilipili alimtuma mjomba wake avuke mpaka kwenda kuposa, safari ya siku mbili, naye akarudi na jibu fupi: binti yetu alikwenda huko kuchimba maji, hakwenda kuolewa.

Daktari aliweka simu mezani, sauti wazi. Nyuma ya sauti ya kaka mtu msumeno ulikuwa ukinguruma. Alielezwa hali ya dada yake. Kisha akauliza maswali ya mtu mwenye akili: damu anayo, anaongea, ndege inatua saa ngapi. Daktari akamuuliza lile la mwisho, kuhusu mchumba.

"Mjomba wake alikuja," sauti ilisema. "Tulimpa kiti, tukampa maji, tukampa na jibu. Jibu halijabadilika. Dada yangu hana mchumba."

Pilipili aliiinamia simu. "Shemeji, nakuomba unisikilize."

"Usiniite shemeji. Shemeji ni mtu niliyempa dada yangu."

Pengine angenyamaza hapo. Pengine mtu mwingine angenyamaza. Lakini ulimi ulikuwa umeshatoka ndani ya ala.

"Wewe uko huko na mbao zako," alisema. "Mimi ndiye niliyemshika mkono leo. Nina haki naye kuliko wewe."

Msumeno ulizimwa.

"Mkataba wake ulikwisha lini?" kaka mtu aliuliza.

Pilipili aliligeukia faili lililokuwa wazi mezani.

"Nakuuliza wewe mwenye haki. Ulikwisha lini?"

"Miezi mitano iliyopita."

"Aliuongeza kwa ajili ya nani?"

Daktari alitazama dirishani. Kijana alitazama koti lake lililokunjwa.

"Basi sikia," sauti ilisema, na sasa ilikuwa ikitetemeka. "Mbu aliyemuuma, amemuuma katika siku zako." Simu ikakatika.

Kiti kikawa cha Bibi Chanjo. Katika maisha yake yote Bibi Chanjo hakuwahi kupanda kitu kinachoacha ardhi, na aliposikia habari hiyo alikaa chini, akasema amechoma sindano watu wa mataifa yote lakini hakuna aliyewahi kumlipiza namna hii. Pilipili alimfundisha kila kitu mara tatu. Alimwonyesha dripu isimamishwe wapi, mkojo uandikwe kila nusu saa, sukari ipimwe kila saa kwa kuwa dawa ile hushusha sukari, na akianza kupayuka ageuzwe kwa ubavu wa kushoto.

"Na anapenda nini?" Bibi Chanjo aliuliza.

"Vipi?"

"Nakuuliza anapenda nini. Hayo mengine yameandikwa kwenye mkoba."

Pilipili aliufunga mkoba. "Anapenda kushikwa mkono wa kulia," alisema mwishowe. "Wa kushoto ana kovu, hapendi liguswe."

"Wa kulia," Bibi Chanjo alirudia, akaliandika kwenye daftari chini ya sukari.

Ilibaki kazi ya kumwambia mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda bila koti, na Mhandisi, ambaye hakuwahi kumwona kazini bila koti, akaelewa nusu kabla hajafungua kinywa. Alimsimulia habari ya fomu. Hakumsimulia habari ya simu.

"Kumbe ni mimi niliyekufungia mlango," alisema Mhandisi. "Kwa kalamu yangu."

"Muhuri ni wangu."

"Nilitaka tu liwepo mahali fulani, hata kama ni kliniki. Mahali ambapo mtu akifungua ataona kwamba mimi na wewe ni kitu kimoja."

"Najua."

"Tumekuwa karibu mno, hufai kuwa muuguzi wangu. Na tuko mbali mno, hufai kuwa mume." Alipumua. Maneno yalikuwa yanamgharimu. "Hapo katikati wanawekaga nini? Hakuna kiti cha hapo katikati?"

Pilipili aliutazama mfuko wa mkojo. Tangu adhuhuri ulikuwa haujaongezeka.

Saa kumi na moja na nusu walikuwa uwanjani. Gari la wagonjwa lilisimama kando ya ndege, milango ya nyuma imefunguliwa, vumbi linaingia na kutoka. Rubani mmoja alizunguka ndege akigonga hapa na pale, kisha akasimama akitazama jua na saa yake kwa zamu. Bibi Chanjo alikuwa ameshafungwa mkanda ndani, amefumba macho, mkoba mapajani. Ila ndege haikuwashwa, kwa sababu hospitali ya upande wa pili ilikuwa imetuma ujumbe. Kitanda kipo, mashine ipo, mganga wa figo yupo. Lakini mgonjwa hatawekwa kwenye mashine bila sahihi ya ndugu, na ndugu aliyeandikwa kwenye hati wameambiwa hatambuliwi na familia. Wanataka ndugu anayetambuliwa awe mlangoni na kalamu. Bila hivyo rubani asimlete mtu aje alale kwenye ukumbi.

Daktari alimpigia kaka mtu akiwa amesimama juani, kidole kimoja sikioni. Pilipili alikuwa ndani ya gari, amepiga magoti kando ya machela, mkono wa kulia wa Mhandisi umeshika vidole vyake. Aliona midomo ya Daktari ikienda haraka, kisha polepole, kisha ikakoma. Alimwona akitikisa kichwa. Alimsikia akisema kwamba muda hauruhusu mambo hayo, na kwamba yeye ni tabibu, hayo si yake. Kisha akaja mpaka mlangoni mwa gari akamnyooshea simu kama mtu anayenyoosha kitu kichafu.

"Anasema atasaini," alisema. "Lakini anataka kuongea nawe kwanza. Nimemwambia ninavyomwona yeye kwa kudai hivyo. Hakubishana nami."

Pilipili aliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Nakusikia unapumua, kwa hiyo upo," kaka mtu alisema. Msumeno haukuwapo tena. Palikuwa na kelele za barabara. Alikuwa tayari njiani kwenda hospitali. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilimzika baba, nikamzika mama, na katika makaburi yote mawili niliahidi jambo moja, kwamba huyu hatapotea. Sasa naletewa akiwa amelazwa chali. Akipona atasema anarudi huko. Nitamzuia, na ataniona adui. Na wewe utakuja, utasimama mlangoni kwangu, na atatoka nawe. Sivyo?"

"Ndivyo," Pilipili alisema, maana hakujua kudanganya hata pale.

"Basi niambie hutamfuata. Hutakuja, hutapiga simu, hutatuma mjomba. Niseme nimesikia kwa sikio langu, nami nitakuwa mlangoni na kalamu kabla ndege haijatua."

"Na nisiposema?"

Ikapigwa honi, kisha sauti ikasema kwa kuchoka: "Usiniulize hilo. Sijui mwenyewe. Usinifanye nijue."

Hapo ndipo kijana alipoona kwamba hana pa kushika. Angekuwa amepata mtu mkatili angepigana naye. Ukatili una kishikio. Huyu alikuwa analia. Hakujua kama mtu yule angeweza kweli kusimama mbele ya dada yake na kalamu mfukoni, na hakuwa na muda wa kujua. Rubani alikuja akasema wamebakiwa na dakika kumi, baada ya hapo ni kesho asubuhi. Daktari hakusema kwamba kesho asubuhi haipo. Aliutazama tu mfuko wa mkojo, kisha akamtazama yeye, kisha akaondoa macho.

Mhandisi alifumbua macho. Yalikuwa ya njano na makubwa, na yalimtafuta kwa shida, kama yanatoka mbali.

"Ni kaka?" alinong'ona.

Aliitikia kwa kichwa.

"Anasemaje?"

"Anakungojea."

"Mwambie..." Neno lilipotea, akalitafuta, akalikosa, akavibana zaidi vidole vyake badala ya kulisema.

Maneno mengi yalimjia Pilipili, makali, mazuri, yaliyopangika. Maisha yake yote alikuwa akiyapata kwa wakati. Aliyaacha yapite yote. Aliisogeza simu karibu na mdomo, vidole vyake vikiwa bado ndani ya vidole vya moto, hakuvitoa wala hakuweza kuvitoa, na hakugeuka pembeni ili asisikiwe, kwa sababu aliona kumficha tena, baada ya kumficha ile simu ya kwanza, kungekuwa kumwibia mara ya pili.

"Nakuahidi, kaka," alisema, kwa sauti ambayo Daktari aliisikia, na rubani, na yeye aliyelala pale akimtazama. "Mimi sitamfuata."